Jino Lililohamishwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yusta aliteka maji, akafagia uwanja wa bibi yake, kisha akasimama kidogo kutazama njia ya kwenda Mbeya. Mama yake alikuwa huko, akipika hotelini. Tangu mpunga wa mwaka jana uvunwe hakuwa amerudi Rujewa, na Yusta alimkumbuka mpaka uji ukamshinda kumeza. Lakini kila alipoulizwa ana nini, alijibu hana kitu.

Mwezi ule mtaalamu wa mifupa ya kale, Daktari Juliana, alikuwa akichimba kingo za mto. Aliwaambia wanafunzi, "Atakayeona mfupa ndani ya ukingo asiung'oe, aniite. Nitakwenda naye Mbeya, auonyeshe kwenye maonyesho ya elimu."

Mbeya! Yusta hakusikia jingine.

Siku ya tatu alikanyaga kitu kigumu kwenye mchanga wa mtoni uliosombwa na mafuriko. Lilikuwa jino lililojaa kiganja, zito kama jiwe. Ila halikuwa ukingoni. Yusta alitazama huku na huku, akalichomeka kwenye udongo mwekundu wa ukingo, akalisiriba matope, ndipo akakimbia kumwita daktari.

Daktari Juliana alilifukua polepole kwa brashi. "Ng'ombe hana jino la namna hii," alisema kwa furaha. "Ona hapa juu lilipolika, pamebaki alama kama majani matatu. Ni gego la kiboko, na limekaa ardhini mpaka likageuka jiwe!" Akafungua daftari. "Kumbe viboko waliishi hapa wakati udongo huu mwekundu ukijengeka. Miaka sita natafuta ushahidi huu, Yusta."

Kalamu ikaanza kuandika. Safari ilikuwa imeshaiva, lakini Yusta alisogea karibu na daftari.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mbona tumeshaamkiana?"

"Sikulikuta hapa. Nililitoa mchangani, nikalipachika mwenyewe."

Daktari aliligeuza jino. Ndani ya ufa wake mlikuwa na mchanga mweupe. Uso ukamshuka. "Kwa nini, Yusta?"

"Nilitaka kwenda Mbeya. Namtaka mama." Machozi yakamtoka.

Daktari alikata mstari aliouandika. "Jino lisilojulikana lilikolala haliwezi kunieleza umri wake. Kwenye maonyesho hatutakwenda. Lakini ungenyamaza, ningeandika uongo na watu wengi wangeuamini. Asante kwa kunizuia."

Akamsindikiza hadi nyumbani na kumweleza bibi yote.

"Jamani mwanangu!" bibi alisema. "Nami nikadhani umeshazoea." Akampigia mama simu, akampa Yusta.

"Mama, njoo," Yusta alisema. "Nimekukumbuka sana."

Mama akasikika akivuta kamasi. "Kila nikipiga unasema sijambo tu, nami nakuamini. Naomba ruhusa leo hii. Jumamosi nitakuwa hapo."

Yusta alimrudishia bibi simu, akashindwa kuzuia kicheko katikati ya kilio. Bibi alimfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ukikitamani kitu, mjukuu wangu," alimwambia, "kiseme kwa mdomo wako. Usiutume uongo ukuombee."