Jina la Arobaini

Siku ya kwanza ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, kwenye chemchemi ya Cimpunda, Clémence aliita majina arobaini, na yote arobaini yakaitikiwa. Walipaswa kuitika thelathini na tisa.

Mradi wa kujenga chemchemi ulikuwa umesema waziwazi: bila wakaaji arobaini waliojiandikisha hakuna saruji, hakuna miche ya mianzi ya kushika udongo, na mvua ikirudi, mlima utazishukia nyumba kama mwaka jana. Alipungua mtu mmoja tu. Clémence, katibu wa kamati, akaandika Zagabe, jina alilomchagulia mtoto aliyekuwa tumboni mwake miezi saba. Si atakunywa maji hayo naye? Nani angemlaumu?

"Zagabe?" alisoma haraka, ili apite.

"Niko."

Mtu mrefu alikuwa ameinama matopeni, mgongo kwao. Alichimba mtaro zaidi ya wanaume wanne, na alinuka kama maji yaliyolala chini ya jiwe.

"Hii kijana iko ya wapi?" Maman Bintu, mwenyekiti wa kamati, alicheka. "Kama bwana yangu alikuwa analimaka vile, mi ningenona!"

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyecheka. Kila yule mrefu alipokanyaga, nyayo zake zilijaa maji, hata juu ya mwamba. Clémence alipompita, alimsikia akinong'ona bila kuinua kichwa:

"Maman, jina nimepata. Mwili je?"

Tumboni, mtoto akaacha kucheza.

Clémence alikimbilia kwa Maman Bintu, akaungama yote.

"Niliandika tu, maman. Ya kujaza liste."

"Mayi haijuake liste," Bintu alisema kwa sauti ya chini. "Inajua tu kuitwa."

"Tufute?"

"Atauliza sababu. Umuachie ile jina. Mutoto tutamuita Ulrich. Ile ingine usiitaje tena, hata ndani ya sala."

Wakamwaga kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye chemchemi, wakaomba radhi. Mtoto akacheza tena. Yule mrefu aliendelea kuchimba, mianzi ikashika, na watu wakazoea kutomtazama.

Clémence alijifungua Jumamosi, saa sita mchana. Mtoto alitoka kimya, mwili umelegea. Muuguzi Gisèle alimsugua, akampulizia hewa, akamsugua tena.

"Mumuite, maman! Jina yake!"

"Ulrich," Clémence alisema. "Ulrich! Ulrich!"

Kimya, na katika kimya kile, huku midomo ya mtoto ikizidi kuwa myeusi na mikono ya Gisèle ikianza kupunguza kasi kama mikono ya mtu anayejua, harufu ya maji yaliyolala chini ya jiwe ikaingia taratibu chumbani, ikapanda kitandani, ikasimama karibu na sikio la Clémence na kungoja, wala haikumlazimisha, hadi mwenyewe akafumba macho na kulitamka lile jina.

Mtoto akavuta pumzi. Akalia.

Jioni Maman Bintu alifika moja kwa moja kutoka salongo, miguu yote matope. Alimtazama mtoto, akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

"Clémence, ulifanya nini? Yule wetu aliacha jembe katikati ya mutaro. Saa sita kamili. Tunaita, haitike."

Kifuani pa Clémence mtoto aliacha kunyonya, akageuza uso polepole kuelekea yale matope, akayanusa.