Upande wa Msalaba

Saa nne ya asubuhi sokoni Nyawera hakuna nafasi ya mtu kugeuka, na Bibiane aligeuka. Alikuwa na mbao ya metre tatu begani. Kichwa cha mbao kilipita salama juu ya beseni la visamaki vya sambaza la mama mmoja, lakini mkia wake ukampiga kijana mgongoni, akaangukia gunia la makaa. Shati lake jeupe likawa jeusi mpaka kwenye kola.

"Pardon, papa! Pardon sana!"

"Papa ya nani?" kijana akasema, angali amekaa juu ya makaa. "Mimi nafanana na papa yako? Geuka basi unione."

"Nikigeuka nitakupiga tena."

Wenye pikipiki waliokuwa wakingoja wateja walicheka, na yule mama wa sambaza akashika beseni lake kwa mikono miwili. Kijana alisimama, akajipangusa, akazunguka mbele ili aonekane. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya kwenye meno. Yeye naye akamwangalia Bibiane: kombinezo ya kazi, ya bluu, iliyokunjwa mikono, kitambaa cha kitenge cha rangi ya chungwa kichwani, na penseli imechomekwa ndani ya kitambaa hicho, juu ya sikio.

"Unapeleka wapi ile mbao, ma belle?"

"Kwa atelie. Najifunza useremala."

"Na hii mikono?"

"Uko na ingine ya kunipa?"

Akacheka. "Sisi ni batu ya kazi moja. Mimi niko kofrere, kwa shantie moja ya kujenga nyumba, Nyalukemba. Tunapigilia mbao, banamwaga beto ya simenti ndani, beto ikikauka tunabomoa mbao yetu yote. Kazi yangu ikiisha, hauione tena."

"Basi wewe uko mupitaji tu."

"Bisimwa njo jina yangu. Mupitaji ni la utani." Akashika mbele ya mbao, Bibiane akabaki nyuma, wakaenda hivyo mpaka kwenye mlango wa atelie, bila mmoja kuona uso wa mwingine, wakibishana njia nzima.

Atelie ile ilikuwa ya masista, miezi tisa ya mafunzo, vijana kumi na wanne na wasichana wawili. Mwalimu wao, Papa Luc, alikuwa mzee wa maneno machache, kidole kimoja kilikatwa na mashine zamani. Siku ya kwanza kabisa alichora mstari juu ya mbao, kisha upande mmoja wa mstari akachora msalaba.

"Musumeno hauna macho," alisema. "Upande wa musalaba ni wa kutupa. Upande ule mwingine njo kazi. Mukisahau ile, mutakata maisha yote na mutakata mubaya."

Bibiane alikuwa mtoto wa parokia. Hakuonja chakula bila alama ya msalaba, na hakupenda kuuona msalaba umewekwa kuwa alama ya takataka. Lakini mwalimu ni mwalimu. Alishika. Baada ya mwezi mmoja, akiona mstari na msalaba, mkono wake ulijua wenyewe cha kutupa.

Jumapili baada ya misa ya pili, Bisimwa alimngoja nje ya kanisa, shati limepigwa pasi. Siku za kazi, saa sita juu ya alama, simu ililia.

"Allô, seremala wangu. Umekula?"

"Nimekula vumbi ya rabo. Na wewe, mupitaji?"

"Mimi nimekula kufikiri wewe."

"Hiyo haishibishe mutu."

"Njo maana bado niko na njaa."

Alikuwa hivyo, kila neno lake mzaha, hata palipohitaji neno zito. Siku moja wakiteremka kuelekea ziwani, Bibiane alimwambia wazi kwamba mama yake anauliza kijana huyu anataka nini. Bisimwa alisimama, akaelekeza kidole mlimani.

"Tonton, baba mudogo, amenipa kakiwanja Kadutu, pale kwa mutelemuko," alisema. "Nataka nipige pale kanyumba ka mbao. Chumba moja kwanza. Lakini siku nitakuomba, sitaomba na mudomo. Huu mudomo yangu batu bamezoea kuuchekelea. Nitakuandikia kwa mbao. Kwa mbao mimi sidanganye."

Bibiane alitoa shingoni rozari yake ya mbao, akamvisha. Kwa mara ya kwanza Bisimwa hakufanya mzaha.

Palikuwa na jambo moja lililomchoma Bibiane, hakulisema. Alipopelekwa kusalimia shangazi ya Bisimwa, mama Francine, alivaa kitenge chake kizuri, cha ndege wa kijani, na viatu vya kuazima. Mama Francine alishika mkono wake wa kuume, akaugeuza, akaangalia sugu zote za nyundo na msumeno.

"Huu ni mukono wa mwanaume," alisema, akauachilia. "Bisimwa, ulisema unatuletea bibi."

Bisimwa alicheka tu, kama kawaida yake. Bibiane alingoja amtetee, akangoja bure.

Kisha mambo ya mji yakaharibika. Ule ndio mwaka vita viliingia mpaka ndani ya mji na banki zikafunga milango. Mwenye nyumba ya Nyalukemba alikimbia. Enjenia akawaita wafanyakazi, akawaambia wakusanye nyundo zao. Nguzo zilibaki zimesimama bila dari, na mbao za Bisimwa, safari hii, hakuna aliyezibomoa. Zilioza pale pale na mvua.

Siku ya Alhamisi Bibiane alirudi kutoka atelie akakuta mbao imeegemezwa ukutani, nyumbani kwao. Si mikaratusi ya shantie. Ilikuwa libuyu, mbao ngumu ya bei kubwa, nyekundu, kavu, nzito.

"Bisimwa amepita saa sita," mama yake, mama Christine, alimwambia. "Ameitwa kazi Kalemie, lori la Uvira lilikuwa linaondoka. Alikupigia simu, haikupita. Alisema: mwambie aangalie mbao, atanijibu."

Moyo wa Bibiane ulidunda. Aliilaza mbao chini, akapiga magoti. Karibu na mwisho wake palikuwa na mstari wa penseli, umenyooka vizuri. Upande mmoja wa mstari, msalaba. Chini ya msalaba, kwa herufi kubwa: BIBIANE.

Alikaa akiangalia. Upande wa msalaba ni wa kutupa.

"Ameandika nini?" mama akauliza.

"Ameniandika kwa upande wa kutupa, mama. Shangazi yake ameshinda."

Mama Christine hakujua useremala, lakini alijua bei ya vitu. Alipapasa ile mbao. "Mutu anatupa mutu na mbao ya libuyu?"

"Mama, mimi nimesoma hizi alama. Wewe haujazisoma."

Simu ililia kesho yake asubuhi. Ilikuwa inakatika-katika.

"Chérie! Niko Uvira, nangoja bateau, ile meli ya Kalemie. Uliona mbao?"

"Niliona."

"Ulielewa?"

"Mimi ni seremala. Nilielewa muzuri."

"Basi unasema nini?" Sauti yake ilitetemeka kidogo, na Bibiane akaihesabu kuwa aibu.

"Nasema ibaki vile uliandika. Niko sawa. Lakini usinipigie tena, Bisimwa."

"Nisipige? Bibi, ngoja, kama ni nyumba ndogo tuta..."

Alikata. Simu ikalia tena, na tena. Akaifunga namba ile isiweze kupita. Jioni alisali sala zake zote kama desturi, akamwombea hata huyo, kwa jina. Lakini namba hakuifungua.

Ikapita miezi. Mafunzo yakafika mwisho na kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mbao yake ya mtihani, kwa maana masista nao hawakuwa na kitu tena. Wenzake walileta mikaratusi mibichi, ikapinda mikononi mwao kabla jury ya watahini haijafika. Bibiane alikuwa na mbao moja tu kavu. Aliifunga kwenye meza ya kazi, akachukua rabo ya kulainishia mbao, akaanzia pale pale penye penseli. Msukumo wa kwanza ulichukua nusu ya jina. Wa pili ukamaliza. Maranda yale membamba, mekundu, yakajikunja yakaanguka chini, na mtu wa zamu akayafagia pamoja na mengine.

Akatengeneza kiti kifupi cha miguu minne, bila msumari hata mmoja. Mzee wa jury alikikalia, akajitikisa, akakiinua, akatafuta kosa, akakosa. Papa Luc alimwangalia Bibiane, akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Ikabaki staji, mazoezi ya kazini ya wiki mbili. Walimpeleka Katana, ambako parokia ilikuwa inajenga madarasa mawili ya mbao. Mkuu wa kazi, Papa Gentil, alimwambia mapema ili asijidanganye: "Mademoiselle, nitakusainia karatasi. Lakini kazi, sina ya kukupa. Kwa hii mji hakuna mwenye anajenga." Kati ya wale kumi na sita, hakuna aliyekuwa amepata mahali. Wengine walishakwenda kuchimba madini. Bibiane alijibu, "Ndiyo, papa," akavaa kombinezo yake.

Siku ya pili Papa Gentil alilaza chini mbao ndefu, ile ya kubeba ukuta. Akapima na metre, akachora mstari, na upande wa mstari akachora msalaba. Akasogea, akachora tena. Mistari na misalaba mpaka mwisho.

Bibiane akashika msumeno. "Papa, nikate hizi zote? Hii mbao itabaki nini?"

"Ukate nini?"

"Upande wa musalaba. Wa kutupa."

Papa Gentil alicheka mpaka akakohoa. "Ile ni ya atelie, maman! Ile ni ya kutengeneza kabati. Kwa nyumba, kwa shantie, musalaba ni pale poto, nguzo, inasimama. Muangalie hii." Akaonyesha msalaba wa karibu na mwisho. "Hapa inasimama poto ya mulango. Hii tunachagua ya kwanza, sababu njo inabeba mulango na batu yote yenye itapita. Hapa mutu anaandikaka hata jina, asiichanganye na zingine."

Msumeno ulibaki mkononi mwa Bibiane. Aliangalia ule msalaba. Aliona libuyu, mbao ya chini, ya kubeba nyumba. Aliona mstari ulionyooka na jina lake chini ya msalaba, pale inaposimama nguzo ya mlango, na mkono wake mwenyewe juu ya rabo.

"Papa Gentil, naomba dakika mbili."

Alikwenda nyuma ya lundo la mbao, mahali ziwa lilipoonekana, akaifungua ile namba. Iliita mara nyingi. Alipokuwa anaondoa simu sikioni, ikapokelewa.

"Allô? Bibiane? Njo wewe?"

"Njo mimi. Uko muzima?"

"Niko." Nyuma yake zilisikika nyundo, na kuku. "Wakati ile nilikaa Uvira siku tatu, bateau ikaniacha, niko napiga tu. Nilisema labda nilikuomba mubaya. Juu ya nini umepiga leo?"

"Nataka kukuambia neno juu ya musalaba..."

"Papa!" sauti ya mwanamke iliita kule, karibu sana. "Kuja, ugali inapoa!"

Bibiane aliibana simu sikioni.

"Ni nani?" akauliza, ingawa sauti ile ilishajibu.

"Mwezi yenye imepita tulipita mbele ya padri," Bisimwa alisema polepole. "Nilingoja, Bibi. Nilipiga mpaka nikapata haya. Kile kiwanja cha Kadutu tonton amempa mutu mwingine. Sema. Neno gani juu ya musalaba?"

Yote yalikuwa tayari mdomoni mwa Bibiane. Maneno kumi yangetosha. Bisimwa angeyasikia, angekaa mbele ya ule ugali, na hangeumeza tena ugali wa mwanamke yule bila kuyakumbuka. Na kule kulikuwa na ndoa mbele ya Mungu. Bibiane alifumba macho.

"Ile rozari," alisema. "Musalaba yake bado iko?"

"Iko. Nilipiga musumari nikaitundika juu ya mulango yetu."

"Iache pale pale."

"Njo ile tu ulitaka kuuliza?"

"Njo ile."

Alimsikia akivuta pumzi. "Na mbao? Uliitupa?"

"Hapana. Nilitengeneza nayo kiti ya mutihani. Jury ilikalia, kiti haikulia hata kidogo."

"Kiti..." Bisimwa alilikokota neno. "Bibiane, ile mbao ilikuwa..." Akaacha. Nyundo za kule zikapiga tatu, nne. "Ni sawa. Kiti ni muzuri. Mutu iko na pa kukaa."

"Ndiyo. Enda ukule, isipoe. Mungu akulinde, mupitaji."

"Na wewe, seremala."

Hakusema "wangu". Bibiane alibaki na simu sikioni muda kidogo baada ya kukatika, kisha akajipangusa uso na ile mikono ya sugu, akajifunga kitambaa upya, akarudisha penseli mahali pake.

"Mademoiselle!" Papa Gentil aliita. "Dakika mbili imekuwa kumi! Leta poto ya mulango!"

Aliinama akaikumbatia nguzo, nzito kumpita, akaileta kifuani hatua kwa hatua mpaka kwenye ile mbao. Akaisimamisha juu ya msalaba, ukingo wake sawasawa na mstari. Papa Gentil aliweka misumari mdomoni, akainua nyundo.

"Shika muzuri. Isitikisike."

"Nimeshika, papa."