Ukishaweka, Usifute

Jua lilikuwa linazama Mkasi alipotoka kutafuta diski ya kompyuta. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu ya kazi yake ya kukata na kuunga video za harusi na mahafali. Diski zake zote zilikuwa zimejaa maharusi, tena wengine walishaachana zamani, lakini nani wa kuthubutu kuwafuta? Mteja huikumbuka video yake siku ileile uliyoifuta.

Haraka ya nini jioni ile? Mama. Kaka yake Mkasi alikuwa amefariki, na kitu pekee kilichobaki chenye sauti yake ni kanda moja ya video ya zamani, imeota ukungu pembeni. Deki ya kuichezeshea Mkasi aliazima kwa mpiga picha mwenzake, naye aliitaka asubuhi. Ama kanda inaswe kwenye kompyuta jioni hiyo, ama basi tena. Mama alikuwa ameshafika studio tangu mchana, amekaa kwenye kile kiti cha picha za pasipoti, mkoba mapajani.

"Wewe kazi yako kujivuta tu," alimwambia bintiye. "Mwanangu yumo humo anaoza."

Mwanangu! Na Mkasi alikuwa nani, mtoto wa jirani? Miaka yote ni yeye aliyemlisha mama, ni yeye aliyempeleka hospitali, na hata ahsante hajawahi kuisikia. Akachukua pochi akatoka, moyoni akijiambia: nikimrudishia kaka, labda safari hii atanitazama na mimi.

Maduka ya vifaa yalikuwa yameshafungwa. Mwisho kabisa wa mtaa, chini ya ngazi za jengo, mzee mmoja muuza vifaa vya mitumba alikuwa anakunja turubai lake. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa kijana mwenye mwili wa kubeba magunia. Kinywa wazi. Macho hayapepesi. Mate yalikuwa yanamtiririka, na mzee alikuwa akimpangusa kwa leso, polepole.

"Mwanangu," mzee alisema, ingawa hakuulizwa.

Alipoulizwa diski, mzee alitoa moja ndani ya kitambaa. Mkasi alipoishika, nusura aiachie. Haikuwa imechomekwa popote, lakini ilikuwa na joto, kama yai lililotoka chini ya kuku.

"Nzima hii, mzee?"

"Nzima kuliko mimi." Mzee akasogea karibu, akanong'ona. "Weka utakacho, binti. Lakini ukishaweka... usifute."

"Kwani ikifutwa inaharibika?"

Mzee alikuwa anampangusa tena yule kijana.

Mkasi alilipa, na njia nzima ya kurudi studio alicheka peke yake. Muuza mitumba gani asiye na masharti? Mwingine atakuapia kuwa redio yake haipendi kukaa juu ya friji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tumeimbishwa sote tangu darasa la kwanza, na miguu tunavunjika vilevile.

Sasa, watu wa video wana utaratibu wao. Programu inakaa kwenye diski yake, na picha zinazonaswa zinakaa kwenye diski nyingine. Ukivirundika pamoja, diski inashindwa kwenda na kasi na picha zinaruka. Na kabla hujanasa kitu cha maana, lazima uipime diski yenyewe: unarekodi kipande kifupi cha chochote, unatazama kama kuna picha zilizoruka, halafu kile kipande unakifuta kisikulie nafasi. Pima, futa, nasa. Aliyemfundisha kazi alimkaririsha hayo mpaka mkono ukawa unayafanya wenyewe, kichwa kikiwa mbali.

Aliichomeka.

Krr... krr... tk.

Studio nzima ikanuka nywele zilizoungua. Mkasi alikagua nyaya zote, hakuona kasoro. Kupimia ile kanda hakuthubutu, maana kanda iliyooza haichezeshwi mara mbili. Akawasha kamera ya pasipoti. Na mbele ya kamera alikuwa amekaa mama.

"Mama, sema chochote. Napima sauti."

"Niseme nini?"

"Chochote tu. Hata hesabu vidole."

Mama akaanza kusema, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake ya kila siku. Mkasi hakusikiliza. Macho yalikuwa kwenye skrini, kwenye vile vistari vya kijani vinavyopanda na kushuka na sauti, na kwenye hesabu ya picha zilizoruka. Sifuri. Safi kabisa! Alimwona mama akijifuta jicho kwa kiganja, akadhani ni ukali wa taa.

"Umenisikia?" mama aliuliza.

"Vizuri sana, mama. Sauti haikwaruzi hata kidogo."

Akafuta.

Krr. Tk.

Mama hakusema kitu tena. Mkasi hakushangaa, mama akinuna huwa ananuna hasa. Aliingiza kanda kwenye deki, akabonyeza, na kaka akatokea kwenye skrini, mzima, kofia ya baba yao kichwani.

"Kiroboto! Shika kamera vizuri, unanikata kichwa!"

Kiroboto ndiye yeye. Kaka peke yake alimwita hivyo. Katika kanda nzima Mkasi hayumo, kwa kuwa ni yeye aliyeshika kamera. Kaka anacheza, anacheka, anamwita mama aje aone. Hakuna picha hata moja iliyoruka. Mkasi alilia kwa furaha, jamani, hata aibu hakuona. Kanda ilipofika mwisho akageuka.

"Mama, huyo hapo. Nimekurudishia."

Mama alikuwa anatazama ukuta.

Kinywa wazi.

Mate yalikuwa yanadondokea mkoba.

Mkasi alimtikisa, akamwita, akampigapiga mashavu. Kifua kilipanda na kushuka, mikono ilikuwa na joto, lakini ndani hamna mtu. Hapo ndipo alipomkumbuka yule kijana wa kiti cha plastiki. Akatoka mbio.

Mzee alikuwa palepale gizani, amekalia turubai lililokunjwa, kijana wake kando.

"Nilikuambia usifute."

"Mzee, kilichofutwa kinarudishwa! Programu zipo! Kinakuwa bado kimo mle, mpaka..."

"Mpaka uandike kingine juu yake," mzee alimalizia. "Najua. Na mimi niliambiwa." Akamtazama. "Umeandika?"

Kanda nzima. Kaka mzima, tangu kofia hadi kicheko cha mwisho, juu ya mama.

"Mimi juu ya mwanangu niliandika harusi ya watu," mzee alisema. "Hata siwajui."

Yule kijana alifumba kinywa, akakifumbua.

"Tafadhali tusimame," alisema, kwa sauti nyororo ya mwanamke. "Maharusi wanaingia."

Mzee alimpangusa.

"Kwa nini ukaniuzia?" Mkasi alilia. "Kwa nini hukuitupa chooni?"

"Nikiivunja, je, na hiki kilichobaki kikizimika?" Mzee alimshika mwanawe bega. "Nilidhani ikiwa mbali, atanyamaza tu. Nilitaka anyamaze, binti. Siku moja tu." Akaanza kulia na yeye, na Mkasi alimchukia kwa machozi yale kuliko kwa kila kitu.

Alirudi studio. Mama alikuwa amekaa vilevile. Mkasi akafungua programu ya kurudisha vilivyofutwa, akaielekeza kwenye diski. Krr... krr... Harufu ile ikarudi, nzito zaidi. Programu ilichambua, ikachambua, mwishowe ikatoa kipande kimoja.

Picha ilikuwa imevunjika vipande. Paji la uso la mama. Jicho moja, lina machozi. Lakini sauti ilikuwa safi, haikwaruzi hata kidogo.

"Mwanangu wewe," mama alisema ndani ya spika, "kuna jambo sijawahi kukuambia. Siku zote mimi..."

Hapo kikaingia kicheko cha kaka.

Akakirudisha kipande mwanzo. *Siku zote mimi...* Kicheko. Akakirudisha tena. Palepale.

Mara ya tatu kicheko kilitokea sehemu mbili. Kwenye spika, na nyuma ya Mkasi, kwenye kiti cha pasipoti.

"Kiroboto," mama alisema, kwa sauti nzito ya kiume. "Shika kamera vizuri."

Mkasi hakugeuka. Alivaa hedfoni, akakirudisha kipande mwanzo, akafumba macho, akasikiliza.