Mtani na Bwana Ndege

"Ndege ametua?"

"Ametua, mzee."

"Wapi?"

"Kilimani, juu ya daraja. Kapiga hema."

Simu ya stesheni ya Kingolwira ilikwaruza. Upande wa pili, bomani Morogoro, karani Benedikto alikohoa. Benedikto hukohoa kila anapotaka kusema jambo zito.

"Gari moshi la wapagazi linapita hapo kesho asubuhi. Ukishindwa kumzuia, mchokoze afyatue risasi. Askari wa darajani wakisikia mlio watapanda. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na usimwambie mtu, Stambuli. Hata mkeo."

"Sina mke, mzee."

"Basi vizuri."

Simu ikakatika.

Ilikuwa Agosti ya 1914, kipupwe kinaishaisha, na vita ya Wazungu ndiyo kwanza imeanza. Stambuli, Mluguru wa Kilakala, alikuwa mpelelezi wa boma. Huyo "ndege" aliyetua alikuwa Mzungu mrefu mwenye ndevu nyekundu, aliyejiita Lindqvist, raia wa Uswidi. Alikuwa ametembea pwani yote kuanzia Bagamoyo, darubini ya Zeiss shingoni, akitazama ndege wa matopeni. Watu wakamwita Bwana Ndege. Sasa alikuwa amepanda Uluguru, na Stambuli alijipachika kwenye msafara wake kama kiongozi wa njia.

Hakuchukua muda kugundua kwamba ndege walikuwa juu mitini, na darubini ilikuwa inatazama chini, relini.

Tena ndani ya sanduku la pamba, chini ya ndege waliokaushwa, kulikuwa na baruti.

Mwingereza. Mwingereza mtupu!

Stambuli hakuwa na mapenzi na Mjerumani. Nani alikuwa nayo? Lakini kwenye yale mabehewa walipakiwa wanaume waliokamatwa vijijini wakabebe mizigo ya jeshi, na mmoja wao alikuwa Yunusi, mdogo wake wa tumbo moja. Wazungu wapigane watakavyo. Yunusi asife mtoni kwa ajili yao.

Mnyapara wa msafara aliitwa Dadi, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa miraba minne na mdomo usiopumzika. Yeye na Stambuli walijuana tangu siku za kutandika reli. Mmoja Mluguru, mmoja Mnyamwezi: watani. Na mtani, kama ujuavyo, ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kula chakula chako bila kuomba, nawe huna haki ya kukunja uso.

"Mtumwa wangu, umetoka wapi?" Dadi alipiga kelele alipomwona akipanda kutoka stesheni. "Nimeshaanza kukutafutia mnunuzi!"

"Nani aninunue? Nimekonda."

"Huyu Mzungu wetu. Leo leo nakuuza, nasahau na jina lako!"

Wapagazi wakacheka. Stambuli akacheka kuwashinda.

Alasiri, wakiwa wawili tu wakichota maji, Stambuli alimwambia. Baruti, daraja, Yunusi, agizo la boma, yote. Ujinga gani huo, kwa mpelelezi mzima aliyekwisha kuonywa? Lakini alihitaji mtu wa kumshika Bwana Ndege mikono wakati yeye anakata waya, na kilima kizima hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Dadi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu.

"Nitakwenda kumwambia."

"Nenda. Mwambie pia mimi ni sultani wa Uluguru."

"Namwambia kweli, Stambuli."

Stambuli akamrushia maji usoni, akacheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi wapagazi walibakishwa kambini. Waya ulikuwa umekwisha kutandikwa usiku, kwa siri, kuteremka mpaka kwenye baruti darajani, na kisanduku cha kulipulia kilikuwa ukingoni mwa mwamba, mpini juu. Stambuli aliinama kama anayefunga kiatu, kisu mkononi.

Chuma baridi kikamgusa kisogoni.

Bastola, Mauser.

"Pole, kiongozi," Bwana Ndege alisema, kwa Kiswahili safi cha pwani. "Dadi ameniambia."

Aliyemfunga ni Dadi mwenyewe. Mikono nyuma, mgongo kwenye shina la mti uliokuwa pale pale mwambani, kwa kamba ya mizigo. Lilikuwa fundo la mnyapara, halikulegea hata kidogo.

"Unatania," Stambuli alisema. Aliona aibu kuisikia sauti yake ikiomba.

"Nilikuambia, mtumwa wangu. Ukacheka."

"Kwa nini, Dadi?"

"Huyu ameahidi kunirudisha Tabora. Mwanangu hanijui sura. Miaka yote hii Mjerumani ananisukuma na mizigo yake, kwetu nakusikia tu." Dadi alikaza kamba. "Na wewe usinitazame hivyo. Boma lilijuaje vijiji vilivyoficha wanaume? Wewe umewauza wangapi?"



"Yunusi yumo kwenye gari moshi," Stambuli alisema.

"Najua."

"Ulikula harusi yake."

Dadi alitazama pembeni. "Najua, Stambuli."

"Najua" hiyo ilimuuma kuliko kamba. Machozi yalimjia, akayaacha yatiririke, kwa kuwa mikono ya kuyafutia hakuwa nayo.

Filimbi ililia upande wa Kingolwira.

Moshi ukaonekana. Kisha injini. Kisha mabehewa ya wazi, yamejaa vichwa vya watu. Bwana Ndege akarudisha Mauser kiunoni, akapiga goti, akaushika mpini. Stambuli alijaribu kuunyoosha mguu wake. Kisanduku kilikuwa karibu, lakini Mzungu alikuwa amekikinga kwa mwili.

Injini ilikuwa inaingia darajani.

Ndipo mbayuwayu wakaja.

Walipita chini chini kutoka kaskazini, kundi zima, wa kwanza wa mwaka ule. Bwana Ndege akainua kichwa. Mtu yule alikuwa mwongo wa jina, wa nchi na wa kazi, lakini ndege aliwapenda kweli.

"Wametoka kwetu," alisema taratibu.

Mkono ukauacha mpini, ukaifuata darubini. Akageuka kuwasindikiza kwa macho.

Stambuli akajinyoosha mpaka kamba ikamchana ngozi.

Teke!

Kisanduku kiliruka, kikagonga mwamba, kikaporomoka bondeni. Waya ukakatika.

Bwana Ndege akachomoa bastola, akafyatua. Gome la mti likapasuka kando ya sikio la Stambuli.

"Piga tena, bwana!" Stambuli alimcheka. "Hawajasikia vizuri!"

Walikuwa wamesikia. Askari walikuwa wanapanda mbio, bunduki mkononi. Nyuma yao gari moshi lilivuka polepole, behewa baada ya behewa, na kwa umbali ule Stambuli hakuweza kuutambua uso wa Yunusi. Lakini yote yalifika ng'ambo.

Shaushi, sajini wa askari wale, alimkata kamba Stambuli, akaamuru Mzungu afungwe. Wapagazi nao walikuwa wamekimbilia pale waliposikia mlio. Dadi alikuwa amekwisha kujichanganya katikati yao, amejitwika mzigo kama hana habari.

"Na huyu Mnyamwezi?" shaushi aliuliza.

Dadi alitoa meno yote. "Mimi mtani wake tu, shaushi. Mwambie, mtumwa wangu!"

Wapagazi wakamgeukia Stambuli, wakingoja tusi. Neno moja la mzaha lingetosha kumwokoa. Bila hilo ni kitanzi cha boma. Stambuli alimfikiria yule mtoto wa Tabora. Kisha akavifikiria vile vichwa mabehewani.

"Bwana Dadi alikuwa pamoja na Mzungu," alisema.

Bwana. Tangu wajuane hakuwahi kumwita hivyo. Tabasamu lilimtoka Dadi kabla askari hawajamshika mkono.

"Nitukane," alisema. "Stambuli, nitukane basi!"

Stambuli aliokota kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaanza kuteremka kuelekea relini.

"Nitukane, ndugu yangu! Nitukane!"

Alishuka bila haraka.