Nailoni ya Ukutani

Jumamosi hiyo ilianza vizuri tu. Fundi Rangi, jirani yetu, alimaliza chai, akamtania mkewe kwamba nyumba za watu zinang'aa kwa mkono wake ila ya kwake ataipaka akizeeka, kisha akabeba ndoo na kuteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba.

Utani ulikuwa wa mdomoni. Moyoni hakuwa na raha hata kidogo. Bintiye wa miaka sita, waliyemwita Kidoti, alikuwa akikohoa mwezi wa tatu sasa, kifua kikilia filimbi. Daktari hakumumunya maneno: "Ondoeni ukungu nyumbani. La sivyo dawa zangu ni kazi bure, na mtoto mtampoteza."

Ukungu wenyewe ulikuwa kwenye kona ya chumba kile, mweusi tii. Fundi aliujua siku nyingi, na kosa alilofanya ni la mafundi rangi. Aliufunika. Tabaka tatu za rangi ya mafuta, ukuta ukametameta, akajipongeza. Tabaka la tatu lilipokauka ndipo Kidoti alipoanza kukohoa.

Safari hii hakutaka njia ya mkato. Alivaa barakoa na glavu, akakwangua rangi yote, akasugua kwa sabuni na brashi ya waya, akapangusa kwa siki. Maboksi na godoro kuukuu akavitupa. Nje akazibua mifereji ya paa na kuchimba mtaro, maji ya mvua yaende mbali na msingi. Akawasha feni siku tatu. Ukuta ukakauka kau.

Siku ya nne ukungu ulikuwa umerudi palepale.

Hapo akatumia kipimo chake cha miaka yote: kipande cha nailoni, kimebandikwa ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne. Kesho yake unatazama. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanapenya kutoka nje. Yakiwa upande wa chumba, unyevu umo humohumo ndani, wa kufua, wa kupika, wa pumzi za watu. Akafunga dirisha na mlango, ufunguo akautia mfukoni.

Kesho yake mchana alifungua. Upande wa ukuta ulikuwa mkavu. Upande wa chumba ulikuwa umelowa.

"Nani kalala humu?" alimuuliza mkewe, aliyekuwa ameshuka naye, kwa sauti ya chini.

"Baba Kidoti, ufunguo si unao wewe?"

Mkewe akarudi juu kwa mtoto. Fundi akachutama. Unyevu haukuenea nailoni nzima. Ulikuwa mduara mmoja, kama ule mtu anaoupulizia kwenye kioo. Ukatanuka. Ukafifia. Ukatanuka tena. Mbele yake hapakuwa na mtu.

Kupitia dari alisikia kifua cha Kidoti kikilia. Mduara ulipotanuka, kilinyamaza. Ulipofifia, kikaanza tena. Akahesabu mara tano. Haukukosea hata mara moja.

"Baba Kidoti!" mkewe alipiga ukelele huko juu. "Mtoto hapumui! Njoo!"

Mduara ulikuwa mpana kama sahani. Haufifii. Fundi akapiga magoti. Apande juu akafanye nini? Alishajua kuna kitu kilichozibiwa hewa humu, na aliyekizibia ni nani.

"Mwache mwanangu," alinong'ona. "Ni mimi niliyekufunika. Chukua pumzi zangu."

Akaweka mdomo kwenye nailoni, akatoa pumzi yake yote. Baridi. Kitu kikavuta. Kikavuta tena.

Juu, Kidoti alikohoa mara moja, akaomba maji.

Leo Kidoti anaruka kamba uani, na chumba kile hakina ukungu hata chembe. Baba yake hakupanda tena ngazi ya kazi. Alikonda kitandani miezi minne, picha za kifua zisionyeshe ugonjwa wowote, mpaka asubuhi moja pumzi ikakatika. Tukamzika.

Baada ya mazishi mkewe alitushusha chini kutuonyesha. Nailoni ilikuwa bado ukutani. Kwa kimo cha mwanamume aliyepiga magoti, mduara ulikuwa ukitanuka na kufifia, taratibu, bila haraka.

Tulimsihi aibandue. Amekataa katakata. Anasema hizo ni pumzi za mumewe.