Ruta Iliyozamishwa Ndooni

Marehemu alikutwa ndani ya ndoo ya kupigia deki: ruta ya mtandao pamoja na adapta yake. Darasa zima la kompyuta lilikuwa limesimama.

"Kanimaliza!" mwalimu alilalama. "Inspekta, huyu mtu hana utu!"

Inspekta alivaa glavu, akaopoa kielelezo. Mlango haukuvunjwa. Waya wa adapta ulikuwa umekunjwa duara safi na kufungwa uzi mweusi, mafundo mawili. Muuaji gani huyu, anayemfunga marehemu kwa heshima hivyo?

Hakwenda mbali. Chumba cha pili, kinachotumia mita moja ya umeme na darasa, Mama Sauti alikuwa akitengeneza amplifaya za majumbani. Waya zilining'inia ukutani, zote zimekunjwa duara: uzi mweusi, mafundo mawili. Mezani palikuwa na amplifaya iliyorudishwa, na karatasi ya mteja juu yake: "Inavuma."

"Hongera, mama. Naona unavuma."

"Usinitanie, mwanangu. Mimi nikivuma, sawa. Chombo changu kikivuma, nimekwisha."

"Kiwashe."

Alikiwasha. Spika zilikaa kimya kabisa. Inspekta akamwagiza mwalimu arudi darasani, achomeke adapta yake ya akiba, aina ileile. Mara spika zikaanza: mmmmm.

"Chomoa!"

Kimya.

"Umesikia?" Mama Sauti alisema, machozi yakimlengalenga. "Uchafu unatoka kwake, unapita kwenye waya za umeme, unaingia kwangu. Wiki tatu nimebadilisha kapasita, nimechomelea upya, nimeilaumu mikono yangu. Kumbe mchawi yuko jirani!"

"Kwa hiyo ni wewe?"

"Ni mimi. Ufunguo wa darasa huniachia yeye mwenyewe. Nilimwomba mara tatu abadilishe hiyo adapta. Akanijibu, 'Bibi, badilisha masikio.' Mbele ya mteja wangu! Jina la miaka thelathini!"

Mwalimu, aliyekwisha rudi mlangoni, akaificha adapta mfukoni.

"Ungekuja kituoni, mama."

"Niseme nini? Kuna mtu ananivumisha?"

Inspekta alibana kicheko, akaandika maelezo, akamsomea: "Niliiharibu ruta kwa sababu amplifaya yangu ilikuwa inavuma."

Mama Sauti akamrudishia kalamu.

"Sitii saini."

"Unakana?"

"Kosa nakiri, na ruta nitalipa. Lakini hapo futa. Andika: umeme wake ulikuwa mchafu. Amplifaya yangu ilikuwa inasema kweli."

Inspekta alifuta, akaandika upya neno kwa neno. Ndipo Mama Sauti alipotia saini, na chini yake akaongeza kwa herufi kubwa: FUNDI.