Kadi ya Dawa za Bibi

Kila akitoka shule, binti huyu wa darasa la tano alivua viatu, akanawa mikono, kisha akamsomea bibi yake chochote chenye maandishi, hata boksi la sabuni. Ndiyo maana nyumbani walimwita Karani.

Wiki hiyo Karani alikuwa na kazi nyeti. Bibi alikuwa anasafiri kwa ndege kwenda nchi ya mbali kuona wajukuu mapacha. Mjomba angekuwa kazini kutwa, hivyo mkewe, asiyejua Kiswahili, ndiye angemsaidia Bibi kutumia dawa zake.

Kwenye kadi ya kumwongoza, Karani alichora kidonge cha presha, akaandika 2:00. Akachora sindano ya sukari, akaandika 1:00.

"Mpelekee nesi aihakikishe," mama alimwambia.

Njiani Karani aliwakuta wenzake wakiruka kamba. Aliruka mpaka jua likapoa. Aliporudi aliwaambia mama na Bibi, "Nesi ameiona. Iko sawa."

Siku moja kabla ya safari, Bibi alikuwa kitandani akifuta saa yake ya mkononi kwa upindo wa khanga.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Usoni nimeandikwa nane, mdomoni naitwa mbili."

"Saa!" Karani alicheka. Ghafla akaikumbuka kadi. Sisi husema saa mbili asubuhi, lakini mshale huelekea nane. Mke wa mjomba angesoma kadi kama ilivyoandikwa!

Machozi yalimlengalenga. Angeweza kuirekebisha kimyakimya. Lakini je, kama kulikuwa na kosa jingine?

"Bibi, nilikudanganya. Sikwenda kwa nesi. Nilikwenda kuruka kamba."

Bibi alijifunga saa mkononi. "Uliruka ngapi?"

"Mia moja na kumi."

"Haya, sasa ruka ukaniletee ndala zangu. Zahanati haijafungwa."

Nesi alisoma kadi, akavua miwani. "Karani, bibi yako angechomwa sindano saa saba badala ya saa moja, tena pengine usiku, tumbo tupu. Sukari ingeshuka mpaka azimie."

Akaandika kadi mpya: 7:00 na 8:00, pembeni jua linalochomoza na sahani ya chakula. Akapanga pia saa za dawa siku ya safari, kwa kuwa saa za huko ni tofauti. "Dawa zote zikae mkobani, Bibi, siyo kwenye sanduku. Kunywa maji. Na ndegeni usikae kama gunia, inuka utembee."

Baada ya wiki simu ililia. Uso wa Bibi ulijaza kioo kizima cha simu, mapacha mapajani.

"Mzima kabisa! Mkwe wangu hakosei hata dakika. Na ndegeni nilitembea mpaka mhudumu akaniuliza kama nimepotea!"

Walipomaliza kucheka, Bibi alisogea karibu. "Mjukuu wangu, asante. Kukosea kuandika kungempata yeyote. Ule uongo ndio ungeniangusha, na kusema kwako mapema ndiko kulikoniponya. Ukikabidhiwa afya ya mtu, fanya kazi yote, na ukiteleza, sema upesi. Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Kizito kikiwa mdomoni, chepesi kikishatoka."

Karani alimtazama mama yake aliyeshika simu, akatabasamu.

"Ukweli, Bibi."